Maisha ya Wakili Jean-Marie Seroney wa Nandi

Sisi tulio huku Bahati, kaskazini ya mji wa Nakuru, tunapenda kuwaletea habari ya mtu ambaye wazee wengi wa Pwani walilisikia jina lake katika redio, kisha likasahauliwa. Mtu huyo hakuwa wa dini yetu, wala hakuwa wa pwani yetu. Alikuwa Mnandi wa bara, mwanasheria na mbunge, na amekwisha kufa tangu mwaka 1982. Lakini mwenye akili huchukua mazingatio popote ayaonapo, na haki haibadiliki kuwa batili kwa kuwa iliyoisema si kinywa cha jamaa zetu. Katika maisha ya mtu huyu mna mambo mawili makubwa ambayo sisi sote, wa Pwani na wa Bara, tungali tumo ndani yake hadi leo: jambo la ardhi, na jambo la mtu kufungwa asihukumiwe. Katika moja alisimama imara hata akaumia. Katika la pili alisema kweli nusu, na nusu iliyobaki ikawa mzigo kwa waliokuja baada yake. Yote mawili tutayaeleza bila ya kumpaka mafuta na bila ya kumdhulumu.

Huwezi kuyafahamu maisha ya Seroney ila uijue kwanza nchi aliyozaliwa. Bonde la Ufa, kabla ya kuja Waingereza, lilikuwa nchi ya wafugaji. Wamasai walilisha mifugo yao katika nyanda za Nakuru na Naivasha, na Wanandi walikaa juu ya vilima vyao upande wa magharibi. Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa, reli ambayo ilifika ziwa Victoria mwishoni mwa mwaka 1901, njia yake ilipita karibu na nchi ya Wanandi. Nao Wanandi hawakukubali. Walipigana na Waingereza kwa miaka kiasi ya 10, tangu 1895, mpaka tarehe 19 Oktoba 1905 alipouawa kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyepigwa risasi alipokwenda kuonana na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, kwa mazungumzo ya amani. Baada ya hapo Wanandi wakashindwa, wakatiwa ndani ya mipaka waliyowekewa, na ardhi iliyobaki wakagawiwa wageni.

Hata mipaka hiyo haikuheshimiwa. Vita Kuu vya kwanza vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilitaka kuwapa mashamba askari wake wa Kizungu waliotoka vitani, na sehemu ya ardhi ya Wanandi ikakatwa tena kwa ajili yao. Kisha yakaja mashamba makubwa ya chai katika vilima vya Nandi. Mwaka 1923 Barsirian arap Manyei, mtoto wa Koitalel, alikamatwa na kuhamishwa, na hakupata uhuru wake mpaka mwaka 1964. Miaka 41 mtu mmoja alikaa kizuizini. Kila mtoto wa Kinandi aliyezaliwa katika miaka hiyo alilelewa juu ya habari hizi mbili: ardhi iliyokwenda, na mzee aliyefungwa harudi.

Huku kwetu Bahati mambo yalikuwa ya namna nyingine, lakini chanzo chake ni kimoja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa masetla kukodi mashamba kwa muda wa miaka 999, na nyanda za juu zikawa ni za Wazungu peke yao. Lakini shamba halilimi wenyewe. Wakaletwa watu, wengi wao Wakikuyu ambao na wao kwao ardhi ilikuwa imepungua kwa kunyang'anywa, wakakaa katika mashamba na katika msitu wa Bahati wakiitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimisha kumtumikia bwana shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka ili wapate kulima kipande kidogo na kulisha wanyama wachache. Walizaa wakazeeka katika ardhi ambayo hawakuwa na haki nayo hata ya kaburi. Mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari, wengi katika wao walifukuzwa, wakapakiwa katika malori na mabehewa, wakarudishwa katika nchi ya Wakikuyu ambayo wengine hawakupata kuiona. Nalieleza jambo hili mapema, kwa kuwa mbele litatufaa katika kumpima Seroney.

Katika nchi hiyo, miaka ya 1920, alizaliwa Jean-Marie Seroney. Alikuwa mtoto mwenye akili nyepesi, akasoma shule za kwao, kisha akapelekwa shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, ambayo zamani hizo ndiyo iliyokuwa mlango mwembamba wa kila kijana Mwafrika mwenye kutaka elimu ya juu. Kutoka hapo alikwenda Bara Hindi, akasoma katika Chuo Kikuu cha Allahabad, na baadaye akaenda London kuhitimu uwakili. Fikirini jambo hili. Bara Hindi wakati huo ilikuwa imetoka karibu tu katika mikono ya Waingereza, imepata uhuru wake mwaka 1947, na wengi wa waliouongoza uhuru huo walikuwa ni mawakili. Kijana wa Kinandi aliyekwenda kusoma sheria katika mji huo hakurudi na cheti peke yake. Alirudi na itikadi kwamba sheria aliyoileta mkoloni kwa kutawalia yaweza kushikwa na mtawaliwa ikawa silaha yake.

Alikuwa ni katika mawakili wa mwanzo wa Kiafrika katika Kenya nzima, na wa mwanzo katika makabila yaitwayo Wakalenjini. Siku hizo mawakili Waafrika walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Argwings-Kodhek, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1952, ndiye aliyekuwa wa kwanza. Mahakama zilikuwa za mahakimu wa Kizungu, mawakili wa Kizungu na wa Kihindi, na mshitakiwa Mwafrika alisimama kizimbani akisikia lugha asiyoijua ikizungumzwa juu ya roho yake na mali yake. Mtu wa kabila la wafugaji kusimama katika mahakama hizo amevaa joho la wakili lilikuwa ni jambo la kustaajabisha wazee. Walimwona kama mtu aliyekwenda mbali akairudia siri ya Wazungu, akaileta nyumbani.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuachwa na siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 uhuru ulikuwa umekaribia, na watu wakagawanyika. Mwaka 1960 vyama viwili vikubwa vilizaliwa. Cha kwanza ni KANU, ambacho nguvu zake zilikuwa kwa Wakikuyu na Wajaluo. Cha pili ni KADU, kilichokusanya makabila madogo madogo yaliyoogopa kumezwa. KADU mnaijua vyema ninyi wa Pwani, kwani kiongozi wake alikuwa Ronald Ngala, mtu wa kwenu, na pamoja naye walikuwapo Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Taita Towett na Martin Shikuku. Seroney alikuwa upande huo. Walitaka nchi igawanywe majimbo, kila jimbo liwe na baraza lake na madaraka yake, hasa juu ya ardhi. Wakamleta hata mwanasheria wa Kiswisi, Zellweger, kuwashauri, kwa kuwa Uswisi ni nchi ya majimbo.

Hofu iliyowatia watu katika KADU haikuwa moja. Mpwani aliogopa kwamba bandari yake na mashamba yake yatatawaliwa kutoka Nairobi. Mnandi na Mmasai waliogopa kwamba Mzungu atakapoondoka katika mashamba ya nyanda za juu, ardhi ile haitarudi kwa mwenyewe wa asili, bali itanunuliwa na mwenye fedha na mwenye mkono serikalini. Na kwa kweli hofu hiyo haikuwa ndoto. Katiba ya uhuru ya mwaka 1963 ilitia majimbo ndani yake, na mji wetu wa Nakuru ukawa makao ya Jimbo la Bonde la Ufa. Lakini serikali ya KANU haikuyapa mabaraza hayo fedha wala nguvu. Mwezi wa Novemba 1964 KADU ikajivunja, viongozi wake wakahamia KANU, na majimbo yakafa kabla hayajajua kutembea.

Seroney alikuwa amechaguliwa kuingia Bungeni katika uchaguzi wa mwaka 1963, akiwawakilisha Wanandi, na baadaye akawa mbunge wa Tinderet. Chama chake kilipojivunja, wengi katika wenzake walipewa vyeo wakanyamaza. Moi alipanda mpaka akawa Makamu wa Rais mwaka 1967. Seroney hakupanda. Alibaki katika viti vya nyuma vya Bunge, mahali pa mtu asiyekuwa na gari la serikali wala bendera, lakini mwenye ulimi na mwenye kuijua sheria. Alikuwa akisimama juu ya kanuni za Bunge kama kadhi anavyosimama juu ya masharti ya ushahidi, hamwachii waziri kupita bila ya kujibu alilouliza. Wenye kumpenda walisema ni shujaa. Wenye kumchukia walisema ni mkaidi. Na mara nyingi ushujaa na ukaidi huwa ni kitu kimoja, ila hutofautiana kwa macho ya mwenye kutazama.

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito. Baada ya uhuru masetla wengi waliuza mashamba yao. Serikali ilikopa fedha Uingereza ikayanunua baadhi yake na kuyakatakata kwa wenyeji, na mengine yalinunuliwa na makampuni na vyama vya watu waliochanga fedha zao. Wengi wa wanunuzi hawa walikuwa Wakikuyu wasiokuwa na ardhi, na katika wao walikuwamo wale wale waliokuwa maskwota wa Bahati, Dundori na Subukia. Lakini walikuwamo pia wakubwa, ambao walijitwalia mashamba makubwa makubwa kwa jina la wanyonge. Wanandi, nao, walitazama wakaona ya kwamba ardhi waliyoimwagia damu mwaka 1905 inauzwa na Mzungu ambaye hakuinunua, inanunuliwa na mgeni ambaye si wao, nao wenyewe hawakuulizwa.

Mwezi wa Julai 1969 Seroney na wenzake walitoa tangazo lililokuja kujulikana kwa jina la Azimio la Nandi Hills. Azimio hilo lilidai kwamba ardhi ya wilaya ya Nandi ni ya Wanandi, na kwamba wasiokuwa Wanandi waiache. Serikali ikakasirika. Wakubwa wengine wa Bonde la Ufa walijitenga naye. Seroney akashitakiwa kwa uchochezi, akatiwa hatiani, akatozwa faini. Lakini watu wake hawakumwacha. Katika uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo walimrudisha Bungeni, na kwao faini ile ikawa kama nishani.

Hapa mwandishi, naye ni mkazi wa Bahati, hana budi kusema analoliona. Dhulma aliyoitaja Seroney ilikuwa ya kweli. Haikubuniwa. Ardhi ya Wanandi ilichukuliwa kwa bunduki, na hakuna aliyewalipa. Mwenye kukaa kimya juu ya dhulma ya kweli kwa kuwa kuitaja kunawaudhi wakubwa, huyo hana insafu. Lakini dawa aliyoiandika ilikwenda kumwangukia asiyekuwa mkosaji. Aliyeichukua ardhi ni dola ya Kiingereza. Aliyeiuza ni setla. Waliojitajirisha ni wakubwa wa Nairobi. Na aliyeambiwa aondoke ni mtu maskini aliyeuza mbuzi zake na kuchanga shilingi zake za kazi ya miaka 20, akanunua ekari chache, akadhani kwamba amepata pa kuzikwa. Sheria za mataifa yote, na sheria yetu sisi Waislamu kabla ya hizo, hazimkamati mnunuzi mwema kwa kosa la mnyang'anyi ila kwa hukumu, baada ya kusikilizwa pande zote mbili, na aliyeumia afidiwe. Wakili Seroney aliyajua haya kuliko sisi. Lakini siku ile aliandika kama mtoto wa Koitalel, hakuandika kama wakili.

Wala haitupasi kusahau kwamba yeye mwenyewe alitumia kalamu na mahakama, hakutumia mshale. Hakuna aliyeuawa kwa mkono wake. Isipokuwa maneno yana miguu, na huenda mwendo ambao msemaji hakuukusudia. Mwaka 1992, yeye akiwa kaburini miaka 10, moto uliwaka katika Bonde la Ufa, watu wakachomewa nyumba kwa kuwa ni wageni katika ardhi ya wenzao. Mwaka 1997 moto huo ukashuka mpaka Likoni, nanyi wa Mombasa mliuona kwa macho yenu. Mwanzo wa mwaka 2008 ulirudi Nakuru na Eldoret kwa ukali ulio mkubwa zaidi. Waliouwasha walikuwa wanasiasa wa nyakati zao, na dhambi yao ni yao. Lakini hoja waliyoipepea, kwamba jirani ni mgeni na dawa yake ni kuondoka, ni hoja iliyokuwa imekwisha kuandikwa tangu zamani, nao waliichukua bila ya kuchukua ile sehemu yake ya haki.

Turudi kwa mtu wetu. Uchaguzi wa mwaka 1974 ulimrudisha tena, na mwezi wa Februari 1975 wabunge walimchagua kuwa Naibu wa Spika, ingawa wakubwa wa serikali hawakumtaka. Huo ulikuwa mwaka mchungu. Mwezi wa Machi aliuawa J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, mtu tajiri aliyewasemea maskini. Kamati ya Bunge ilichunguza mauaji hayo, na mwezi wa Juni taarifa yake ilikubaliwa na Bunge kwa tofauti ndogo ya kura, serikali ikiipinga. Masinde Muliro, John Keen na Peter Kibisu, waliokuwa na vyeo serikalini, walifukuzwa vyeo vyao kwa kupiga kura kinyume na serikali. Kila mbunge alijua sasa kwamba kura yake ina bei.

Tarehe 9 Oktoba 1975 Seroney alikuwa amekaa katika kiti cha Spika. Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alikuwa akizungumza, akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Upande wa serikali ukachafuka. Wakasimama wakitaka Shikuku aamrishwe kuthibitisha kwamba KANU imekufa, ama ayafute maneno yake. Macho yote yakamgeukia aliyekuwa kitini. Seroney angaliweza kupoza mambo kwa neno moja tu la kumtaka Shikuku ayafute, na siku ikapita. Hakulisema neno hilo. Alihukumu kwamba jambo lililo wazi kwa kila mtu halihitaji kuthibitishwa. Upande wa serikali ukatoka nje ya ukumbi kwa hasira, na habari ikaenea nchi nzima kabla ya jua kutua.

Na tulitazame vizuri alilolifanya. Hakumtukana mtu, wala hakuita watu waandamane. Alikuwa amekaa katika kiti cha hukumu, akaulizwa juu ya kanuni, akajibu kwa alivyoijua kweli. Kiti hicho hakikuwa chake. Ni amana aliyowekewa na wabunge ili kila mmoja wao, mkubwa na mdogo, apate kusema bila ya hofu. Lau angalimnyamazisha Shikuku kwa kumwogopa aliye juu, angaliivunja amana ile, na wala hakuna ambaye angalimlaumu. Ndipo ugumu wake ulipo. Kuhukumu kwa haki pale ambapo kila mtu atakusamehe ukidhulumu ni jambo wanaloliweza wachache.

Siku 6 baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi walifika katika uwanja wa Bunge wenyewe, wakawakamata Seroney na Shikuku. Hawakushitakiwa kwa lolote. Hawakupelekwa mbele ya hakimu. Walitiwa kizuizini kwa amri, chini ya sheria ya usalama ambayo Bunge hilo hilo liliikuza mwaka 1966. Rais Kenyatta aliwaonya wabunge waliobaki kwa kuwapigia mfano wa mwewe aliye angani akiwangojea vifaranga watakaopotea njia. Wakaufahamu mfano, na ukumbi ukapata utulivu wa makaburini.

Basi yule aliyelelewa juu ya habari ya Barsirian arap Manyei, mzee aliyefungwa bila ya hukumu na Mwingereza, naye akafungwa bila ya hukumu, na aliyemfunga hakuwa Mwingereza. Kifungo hiki ni kizito kuliko kifungo cha mhalifu. Mwizi aliyehukumiwa miezi 6 huhesabu siku zake kwa makaa ukutani, akajua mwisho wake. Mwenye kuzuiliwa hana cha kuhesabu. Hajui kosa lake ili atubie, wala hajui muda wake ili asubiri. Katika miaka hiyo walikuwamo vizuizini watu wa kila namna: Koigi wa Wamwere, kijana wa hapa Nakuru, George Anyona, Ngugi wa Thiong'o, mwandishi wa vitabu, na walikuwamo pia ndugu zetu Waislamu wa Kisomali kutoka wilaya za Kaskazini Mashariki, ambao hakuna gazeti lililowataja na ambao wengine walikaa miaka mingi kuliko hao wenye majina. Mwaka 1976, hapa hapa Nakuru, wakubwa walifanya mkutano kutaka katiba ibadilishwe ili Makamu wa Rais asishike nchi Rais akifa. Mtu aliyezijua katiba kuliko wengi katika hao alikuwa ndani, hana wa kumwuliza.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Moi, ambaye zamani walikuwa chama kimoja na Seroney na baadaye wakaachana njia, akawa Rais, na tarehe 12 Desemba mwaka huo akawafungulia wafungwa wa siasa wote. Seroney akatoka baada ya miaka 3 na zaidi. Lakini dunia ya siasa ilikuwa imempita. Katika uchaguzi wa mwaka 1979 kiti cha Tinderet kilichukuliwa na kijana Henry Kosgey, na Seroney hakurudi tena Bungeni. Aliishi kuona, mwaka 1982, sheria ikitiwa katika katiba kwamba Kenya ni nchi ya chama kimoja tu, chama kile kile ambacho kusema kwamba kimekufa kulimtia kizuizini. Mwaka huo huo wa 1982 akafariki, umri wake hata miaka 60 haujatimia.

Hakuacha mali ya kutajwa katika magazeti, wala hakuwahi kuwa waziri mkubwa. Alichoacha ni mfano wa siku moja. Mawakili na wabunge wa miaka ya 1980 na 1990 waliposimama kudai haki walikuwa wakimtaja. Mwaka 1997 sheria ile ya kumzuia mtu bila ya hukumu ilifutwa. Katiba ya mwaka 2010 ikaweka mabaraza ya kaunti, na hivyo ile fikira ya kugawanya madaraka, iliyozikwa mwaka 1964, ikafufuka kwa sura nyingine. Nakuru ina kaunti yake, Nandi ina yake, na Mombasa ina yake. Ikaundwa pia Tume ya Ardhi kuangalia dhulma za zamani. Mengi katika haya ni mambo aliyoyataka Seroney, ingawa hakuyaona.

Ndugu zetu wa Pwani, jambo la ardhi kwenu si geni. Mnaijua sheria ya mwaka 1908 iliyowataka watu wa pwani waandikishe ardhi zao, na jinsi wengi wasiokuwa na karatasi walivyogeuka maskwota katika ardhi za babu zao. Mnajua pia kwamba wako wa Bara waliokuja kwenu wakanunua kwa haki, na wako waliopewa kwa hila. Basi yachukueni maisha ya mtu huyu kama mizani. Mkidai haki ya ardhi, itajeni dhulma kwa jina lake, na mtajeni aliyedhulumu kwa jina lake, wala msimtafute jirani maskini mkamvisha nguo ya mkosaji kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu. Na mkipewa kiti cha kuhukumu, kiwe cha Bunge, cha baraza la kaunti, cha kamati ya msikiti au cha wazee wa mtaa, mjue kwamba siku itafika mtakapoulizwa neno moja, na mkubwa amekaa anawatazama. Siku hiyo Seroney alijibu kwa alilolijua, akalipa miaka 3. Sisi huku Bahati, tunaokaa juu ya ardhi iliyogombaniwa na watu wengi, tumeona wote wawili, yule wa mwaka 1969 na yule wa mwaka 1975, na tunawafundisha vijana wetu wamfuate huyu wa pili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.